Uzi: Kumwanzia mtu ujumbe wa kazi bila kumpotezea asubuhi

KaraniLangoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote wa Lamu na Malindi. Uzi huu ni wa wale ambao nusu ya kazi yao iko kwenye simu: ofisi za kaunti, hoteli, maduka ya vifaa vya ujenzi, shule, wenye boti. Twaongea jambo moja tu, namna ya kumwanzia mtu ujumbe wa kazi, iwe kwa WhatsApp au kwa zile Teams na Slack za mashirika.

Ujumbe unaokula muda kuliko wote una neno moja: "Mambo." Kisha kimya. Ndugu yake ni "Habari, uko?" Anayepokea hajui kama ni jambo la dakika moja au la saa nzima, hajui kama aache anachofanya au amalize kwanza. Akijibu "Nipo, sema," aliyeanza ashaingia mkutanoni. Akitoka mkutanoni, mwenzake yuko gatini Mokowe apakua mzigo. Swali lenyewe lilikuwa "Ufunguo wa stoo uko kwa nani?" na mpaka adhuhuri halijaulizwa.

Sisemi salamu iondolewe. Kuna ushauri wa kigeni uzungukao mitandaoni kwamba kazini usiamkie, nenda moja kwa moja kwenye shida. Huku kwetu ukimwanza mtu na "Nitumie ripoti" bila salamu ashakuhesabu huna malezi, na jibu litakuja kwa uvivu. Ninachosema ni salamu na haja ziende katika ujumbe mmoja.

Mpangilio unaofaa ni salamu fupi, jina lako na unakotoka kama huna hakika amehifadhi namba yako, haja kwa sentensi moja, unachomwomba afanye, na mwisho wa muda. Hivi:

"Asalaam aleikum Bwana Omari. Ni Salma wa ofisi ya ununuzi. Invoisi ya saruji mifuko 40 haina nambari ya LPO (hati ya kuagizia). Naomba unitumie nyingine yenye nambari hiyo kabla ya Jumatano tarehe 12 saa 6 mchana, ili iingie kwenye malipo ya wiki hii."

Hapo hana la kuuliza. Aweza kujibu "Wa aleikum salaam, naituma saa 4" akiwa juu ya punda.

Angalieni pia mistari ya kwanza. Simu ikiwa imefungwa, arifa huonyesha mwanzo wa ujumbe tu. Mwanzo ukijazwa na "natumai u mzima wa afya, na familia haijambo, na shughuli zaendelea vyema, na mvua je huko," haja haionekani mpaka mtu aufungue. Mwenye kazi nyingi haufungui.

---

BiMkomani

Mwanangu, umesema vyema lakini umeenda mbio. Salamu kwa mtu mzima si kizingiti cha kurukwa. Wamwamkia, wangoja akuitikie, ndipo wasema lako. Kumwambia mkuu wa idara aliye rika la babako "Shikamoo, naomba saini" kwa pumzi moja ni kumkata maneno kabla hajafungua kinywa. Vijana wa ofisini wameharibikiwa na haraka.

---

KaraniLangoni

Shikamoo Bi. Ana kwa ana nakubali neno kwa neno. Lakini ukipiga hodi mlangoni wasikia mtu ajongea, wajua yupo na aja. Hodi ya maandishi haina mlio wa nyayo. Huyo mzee huenda yuko msikitini, huenda simu iko chajini chumba cha pili. Akija kuona "Shikamoo" peke yake saa tatu baadaye, ajibu "Marahaba" kisha naye angoje, ni nani aliyeheshimiwa hapo? Mmemfanya mzee asimame foleni.

Heshima iwekwe kwenye umbo la ujumbe. Salamu na cheo chake vikae mstari wa kwanza peke yake, uruke mstari, kisha haja:

"Shikamoo Mwalimu.

Samahani kwa kukushughulisha. Fomu za basari za kidato cha pili ziko tayari na zahitaji saini yako kabla ya Alhamisi. Nije nazo ofisini kesho saa 3 asubuhi, au wapendelea wakati mwingine?"

Cheo kitumike kile anachoitwa na watu: Mwalimu, Ustadhi, Daktari, Mzee, Bi. Na "naomba" si "nataka". Yeye atajibu "Marahaba, njoo saa 4" kwa mara moja, na adabu haijapungua hata chembe.

---

BiMkomani

Marahaba. Hiyo ya kuruka mstari naikubali, yampa mtu nafasi ya kuitikia moyoni.

Ila niongeze mahali ambapo salamu LAZIMA iende peke yake, maana nimeona mambo ya aibu kwenye magurupu. Mtu amefiwa, waandika "Pole sana, Mungu ampe kauli thabiti. Na ile ripoti ya mwezi iko wapi?" Tanzia haibebeshwi haja. Andika pole, nyamaza. Siku tatu za matanga zipite, na haja ya hizo siku tatu apelekewe msaidizi wake. Vivyo hivyo aliyelazwa, aliyejifungua, na aliyetoka arusini kwa mwanawe. Kama hapana msaidizi na jambo ni la dharura kweli, pitia kwa mtu wa nyumbani au mwenzake wa karibu, umwache yeye ndiye aamue.

---

RisepsheniMalindi

Nakubaliana na Bi. Niongeze upande wa wageni na wateja, maana Malindi na Watamu hapo ndipo kazi ilipo.

Ukimwandikia mtu asiyekujua, sentensi ya pili (baada ya salamu) iseme namba yake umeipata wapi. "Nimepewa namba yako na meneja wa duka la vigae barabara ya Casuarina" yafungua mlango. Bila hiyo, ujumbe wa namba ngeni wafutwa au wazuiwa. Na weka picha na jina la biashara kwenye akaunti. Namba isiyo na picha ikiuliza bei ya vyumba kumi yaonekana ya tapeli hata kama ni ya padri.

Mwenye WhatsApp Business ana ujumbe wa kukaribisha unaojituma wenyewe mteja anapoandika mara ya kwanza, au akirudi baada ya siku 14 za kimya. Wengi huweka "Karibu, tukusaidie vipi?" Hiyo ni "Mambo" iliyovaa suti. Uutumie kuuliza yale utakayohitaji kwa vyovyote: "Karibu. Ili tukupe bei kwa jibu moja, tuandikie tarehe ya kuingia na kutoka, idadi ya watu wazima na watoto pamoja na umri wa watoto, na kama mtahitaji gari kutoka uwanja wa ndege." Duru mbili tatu za maswali zaondoka. Majibu ya haraka pia yapo, unayaita kwa kuandika alama ya mkwaju / na neno fupi, na yaweza kufika 50. Weka la bei, la ramani, la malipo.

Sasa saa. Hapa ndipo pesa zapotea. Ukimwandikia mtu "gari saa mbili" bila neno jingine, Mswahili atasoma asubuhi au usiku kwa kubahatisha, na mgeni aliyejifunza Kiswahili kwenye kijitabu atakuja saa nane mchana akidhani ndiyo mbili ya saa zake. Andika vyote: "saa 2 asubuhi (08:00)". Na siku iende na tarehe. Kuna wazee, hasa upande wa Lamu, ambao siku yao yaanza magharibi: "usiku wa Jumatano" kwao ni Jumanne baada ya jua kutua. Tarehe yamaliza ubishi.

Kwa mawakala wa Italia: wakiwa kwenye majira ya baridi sisi tuko mbele yao saa mbili, majira ya joto saa moja. Mabadiliko yao ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Wiki hizo mbili andika saa za pande zote.

---

Nahodha_Mokowe

Kwa upande wa boti. Watu huandika "Nahodha, boti ipo?" Boti ipo kila siku, swali ni ya kwenda wapi na lini. Ujumbe wa kukodi uwe na gati ya kutokea na ya kufikia, tarehe, watu wangapi, mzigo wa kilo ngapi na wa aina gani (saruji na godoro hazipangwi sawa), kwenda tu au na kurudi, na namba ya mtu atakayekuwa gatini.

Kama safari ni ya Faza au Kizingitini kupitia mlango wa bahari wa Mkanda, saa isipangwe na ofisi. Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa, na saa ya maji kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) kupwa kwake ni kukavu kweli. Basi usiandike "Tutatoka saa 3 asubuhi". Andika "Twahitaji kufika Faza kabla ya saa 7 mchana (13:00), maji yaturuhusu kutoka saa ngapi?" Hapo wapata jibu badala ya mabishano siku ya safari.

Jingine, mimi na wenzangu wa baharini twapenda ujumbe wa sauti, mkono uko kwenye usukani. Msitulaumu.

---

FundiMtandao

Hakuna wa kumlaumu nahodha. Lakini sauti ina kanuni zake, na nyingi zavunjwa na watu waliokaa ofisini kwenye kiti.

Aliye mkutanoni, aliye kaunta na wateja, aliye msikitini, wote waweza kusoma na hawawezi kusikiliza. Kwa hiyo kabla ya sauti tanguliza mstari mmoja wa maandishi: "Sauti ya sekunde 40: mabadiliko ya zamu ya Jumamosi." Mpokeaji ajua kama yangoja. Ndani ya sauti, jina na haja vije sekunde za mwanzo, ukianza na "eeeh, sasa unajua..." ashachoka. Isizidi dakika moja. Namba, pesa, majina ya watu na tarehe ziandikwe, kwa sababu sauti haitafutiki baadaye, na upepo wa kusi ukiingia kwenye maiki "kumi na tatu" na "thelathini na tatu" zafanana. Kama uko chomboni, geuza mgongo kwa upepo na ufunike maiki kwa kiganja.

Kinyume chake pia ni adabu: kama unayemwandikia hasomi vizuri au macho hayaoni, sauti ndiyo heshima, maandishi ya aya tatu ndiyo kumtesa.

Tiki nazo zifahamike, ugomvi mwingi wa ofisi umejengwa juu yake. Tiki moja ya kijivu: ujumbe umetoka kwako haujafika kwake. Simu imezimwa, bando limeisha, stima imekatika, au yuko majini pasipo mtandao. Mbili za kijivu: umefika kwenye simu, si lazima ameuona. Mbili za buluu: mazungumzo yamefunguliwa. Kufunguliwa si kusomwa kwa makini, na pengine aliyeshika simu ni mtoto. Aliyezima alama za kusoma hatakuonyesha buluu kabisa, ila kwenye gurupu bado zaonekana: bonyeza ujumbe wako kwa muda, fungua taarifa zake, utaona nani umemfikia na nani ameusoma. Kwa hiyo "nimeona umesoma hujajibu" ni sentensi ya kutoandika kazini.

Kwa Teams, ile duara ya rangi isikudanganye. Hugeuka njano mwenye kompyuta asipoigusa kwa dakika kama 5, hata kama yuko palepale asoma karatasi. Nyekundu ni yuko na kikao au simu. Mwandikie kama kawaida, ataona akimaliza, lakini usimpigie. Na alama ya dharura ya Teams humkumbusha mtu kila baada ya dakika 2 kwa dakika 20. Ni ya jenereta kuwaka moto. Wako wanaoitumia kuulizia chai.

---

MwanaShela

Swali langu ni la magurupu. Gurupu letu la kazi lina watu 60. Kila asubuhi mmoja aandika salamu, 40 waitikia, halafu ratiba ya zamu iliyotumwa saa 12 asubuhi yazama huko juu. Ukinyamaza waogopa dhambi, ukiitikia waongeza fujo. Tufanyeje?

---

MwalimuPate

La dhambi lina jawabu jepesi. Kuanza salamu ni sunna, kuitikia ni wajibu, na kwa jamaa ya watu wajibu huo ni faradhi ya kutosheleza: akiitikia mmoja imewatoshea waliobaki. Na mwenye kutaka thawabu aitikie kwa ulimi pale alipo. Hakuna aliyelazimishwa kuandika "Wa aleikum salaam" ya 41.

Tena kumbukeni ofisi nyingi zetu zina Waislamu na Wakristo. Ujumbe wa gurupu ukianza "Asalaam aleikum na habari za asubuhi nyote" umemchukua kila mtu.

---

FundiMtandao

Na upande wa mitambo, admini aweza kufanya haya leo bila kumuudhi mtu.

Ratiba ya zamu aibandike juu ya gurupu, WhatsApp hukubali kubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Matangazo yasiyohitaji majadiliano yahamie gurupu la pili ambalo maadmini pekee ndio waandikao. Hilo la kwanza libaki la salamu, maulidi, picha za samaki na "Jumaa Mubarak" zenye maua.

Swali la mtu mmoja lisiulizwe gurupuni. "Jamani nani ana namba ya fundi wa friji?" ni la gurupu. "Hassan mbona hujafunga hesabu?" ni la Hassan peke yake, na kuliuliza mbele ya watu 60 ni kumvua nguo. Ikibidi umwite mtu gurupuni, mtagi kwa jina na useme unachotaka kwake mstari uleule. Jibu lako livute ujumbe unaoujibu (telezesha kidole kulia), la sivyo "Ndiyo" yako itaonekana yajibu swali jingine na mtu atalipa vigae visivyo.

Slack wana alama mbili ambazo wageni huzichanganya: @channel hugonga simu ya kila aliyemo kwenye chaneli, @here hugonga walio hewani wakati huo tu. Saa 4 usiku ukiandika @channel umewaamsha wote wasiozima arifa. Majibu yaende kwenye uzi wa ujumbe ule.

Tahadhari kwa wanaotumia orodha ya matangazo ya WhatsApp badala ya gurupu: hupokea mpaka watu 256, lakini asiyehifadhi namba yako haimfikii, na wewe hutajua. Wafanyakazi wapya waambiwe wahifadhi namba ya ofisi siku ya kwanza.

---

Kijana_Ngomeni

Na mabosi je? Bosi aandika saa 5 usiku "Uko macho?" Moyo waruka, wadhani umefutwa. Kumbe ataka kujua rangi ya fulana za wafanyakazi.

---

KaraniLangoni

Ukubwa unazidisha uzito wa neno. "Njoo ofisini" kutoka kwa mwenzako ni mwaliko, kutoka kwa bosi ni kesi. Bosi aongeze mambo matatu tu, saa, sababu, na kama kuna tatizo: "Njoo ofisini kesho saa 3, ni kuhusu bajeti ya mafuta, hakuna tatizo." Kama tatizo lipo, asiandike kabisa, amwite.

Nje ya saa za kazi, aandike usiku kama ndipo akili yamjia, lakini aupange utoke asubuhi. Slack na Teams zote zakubali kupanga muda wa kutuma. Kwenye WhatsApp uandike kwenye ujumbe wako mwenyewe na uupeleke asubuhi, au uanze na "Si ya leo, soma kesho." Wafaransa walilitia hili kwenye sheria, ikaanza 2017. Huku kwetu seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka Seneti mwaka 2022 mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu baada ya kazi. Sheria au bila sheria, ofisi iandike kwenye ukurasa mmoja: ujumbe wa baada ya saa 12 jioni wajibiwa kesho, dharura hupigiwa simu. Ikishaandikwa, simu ikilia usiku kila mtu ajua ni dharura kweli.

Saa za kuepuka za Pwani mwazijua, ila ziandikwe kwa ajili ya wageni wa ofisi: Ijumaa kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana, Ramadhani saa ya mwisho kabla ya futari na mpaka tarawehe iishe. Ujumbe waweza kutumwa, kungojea jibu saa hizo ndiko kosa.

---

RisepsheniMalindi

Kuhusu "Uko?" niongeze la usalama. Huo ndio mwanzo wanaoupenda matapeli. Namba mpya, picha ya bosi, ujumbe: "Uko? Niko kwenye kikao siwezi kupokea simu." Ukijibu "Nipo bosi," ujumbe wa pili waomba utume pesa kwa mtu fulani haraka atakurudishia. Ofisi ambayo bosi wake huandika ujumbe kamili kila siku, mwenye "Uko?" aonekana mgeni mara moja. Ofisi ambayo bosi mwenyewe ndiye huanza na "Uko?" haina kinga.

Kinga: pigia namba ya ZAMANI ya bosi, si ile mpya. Haipokelewi, ngoja. Hakuna malipo yanayotoka kwa ujumbe wa namba mpya, iwe bosi, iwe muuzaji anayesema amebadilisha akaunti. Na ukithibitisha malipo ya M-Pesa, nakili ule msimbo wa herufi na tarakimu 10 uutume kama maandishi pamoja na kiasi na tarehe. Picha ya skrini hutengenezwa na mtoto yeyote, na mhasibu hawezi kuinakili.

---

MuuguziPwani

Nawaombeni msisahau siri za watu. Ujumbe wa kwanza ndio unaotokea kwenye skrini iliyofungwa, kila aliye karibu ausoma. Kwa hivyo hospitalini usianze na "Majibu ya fulani yamerudi, ana..." Anza na "Habari daktari, nina swali kuhusu mgonjwa wa kitanda 7 wodi ya wanaume, naomba unipigie ukipata dakika 5 kabla ya saa 10 jioni." Jina na ugonjwa zikae nje ya maandishi. Hoteli nazo na pasipoti za wageni ni vilevile: omba kwa barua pepe ya ofisi au wazipige nakala mapokezi, si gurupuni.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Na data ikivuja kwa namna ya kumdhuru mtu, mwenye kuishikilia ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Ukikosea gurupu, WhatsApp hukuruhusu kufutia wote kwa takriban saa 60, lakini ufute dakika hiyohiyo, kisha useme: "Ujumbe uliofutwa ulikuwa wa gurupu jingine, aliyeuhifadhi naomba aufute." Kufuta kimyakimya huwafanya watu watafute.

---

FundiMtandao

Kuhariri pia: WhatsApp hukupa dakika 15. Tumia kwa herufi zilizokosewa. Kiasi, tarehe au mahali usivihariri, maana aliyesoma mwanzo ashaondoka na habari ya kwanza. Vuta ujumbe ule na uandike "SAHIHISHO: mifuko 40, si 14."

---

MwanaShela

Na asipojibu? Watu hutuma "?" au "Umeona?" au hurudia salamu upya kana kwamba hawajawahi kuandika.

---

KaraniLangoni

Alama ya kuuliza peke yake ni kofi. Angalia kwanza tiki: ikiwa moja, usiandike tena kwa WhatsApp, tuma SMS ya kawaida au piga, kwa sababu huna ulichomfikishia. Zikiwa mbili, ngoja muda unaolingana na ule uliompa. Ulisema Jumatano saa 6, usimkumbushe Jumatatu.

Ukikumbusha, vuta ujumbe wako wa kwanza ili asipande juu kuutafuta, na upunguze ombi: "Bwana Omari, habari za leo. Nakumbusha hii invoisi. Kama nambari ya LPO huna, nijibu 'sina' niitafute upande wetu." Mtu mwingi hanyamazi kwa dharau, hunyamaza kwa sababu jibu lahitaji kazi. Mpe jibu la neno moja. Mara ya pili ikipita, piga simu. Mara ya tatu ni ana kwa ana, na Lamu si kubwa.

---

BiMkomani

Hapo kwenye kupiga simu: mtu mzima usimpigie ghafla saa za kazi. Mwandikie "Shikamoo Bi, naomba dakika 10 za simu kuhusu kodi ya duka, saa 4 au saa 9, ipi yakufaa?" Nyakati mbili, achague. "Naweza kukupigia?" peke yake ni ileile "uko?" kwa jina jingine.

Haya, nami nina swali langu. Mteja wa miaka mingi ana deni la mapazia, elfu 18, mwezi wa pili huu. Salamu yake mimi siwezi kuifupisha, ni kama jamaa. Lakini kila nikimwamkia twaishia kuulizana watoto na deni latoroka. Nianzeje?

---

RisepsheniMalindi

Bi, tenganisha siku. Leo mwamkie na muulizane watoto mpaka mchoke. Kesho asubuhi, saa 3 hivi, tuma huu peke yake:

"Sabalkheri dada. Nafunga hesabu za duka za mwezi huu. Mapazia ya tarehe 4 yamebaki shilingi 18,000. Waweza kumaliza kufikia tarehe 30, au nikuandikie mara mbili, 9,000 tarehe 30 na 9,000 tarehe 15? Nijibu 'moja' au 'mbili' niandike kwenye daftari."

Akijibu kwa kuulizia watoto, mwitikie watoto hawajambo, na mstari wa chini yake: "Nikuandikie moja au mbili?"

---

BiMkomani

Hiyo ya daftari ni nzuri, lawama yote ni ya daftari. Ila nitaibadilisha kidogo, ya kwanza iwe 10,000.